Ilimba ya Wagogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanamuziki

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina nyingi: wapiga gita wa Dar es Salaam na Nairobi, maprodyuza, walimu wa kwaya, na Waswahili walioko ughaibuni ambao walikutana na ilimba kwenye tamasha huko Ulaya kabla hawajawahi kuisikia nyumbani. Mengine jibu lake ni fupi. Mengine yanadai kukaa chini na kuelezana taratibu.

Ilimba ni nini hasa?

Ni ala ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, katikati ya Tanzania. Ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyobanwa upande mmoja. Upande wa pili wa kila chuma uko huru. Mchezaji anaubonyeza kwa kidole gumba na kuuachia, chuma kinatetemeka, sanduku linaikuza sauti. Kuna ndogo ya kushika kwa viganja viwili ukitembea, na kuna kubwa ya kupakata ukiwa umekaa.

Watanzania wengi huiita marimba tu. Ukiambiwa "fulani anapiga marimba" Dodoma au Bagamoyo, uliza kwanza ni ya vyuma au ni ile ya vipande vya mbao vinavyogongwa kwa virungu. Ni ala mbili tofauti kabisa.

Kwa nini wanamuziki wa nje wanavutiwa nayo kiasi hiki?

Kwa sababu ina vitu viwili ambavyo muziki wa studio umetumia miaka mingi kuviondoa: noti ambayo haimo kwenye kinanda, na mvumo unaoambatana na kila noti. Mtu aliyelelewa kwenye piano akiisikia mara ya kwanza, sikio linamwambia kuna kitu hakijakaa sawa. Akisikiliza kwa dakika tano, anaanza kushuku kwamba kilichokaa vibaya ni piano.

Huo si utani. Ilimba imelinganishwa kwa kufuata maumbile ya sauti yenyewe, na piano imelinganishwa kwa mapatano ya mafundi. Ndiyo maana mpiga banjo wa Marekani, Béla Fleck, alipokuja Afrika mwaka 2005 kutafuta asili ya ala yake, alifika Tanzania na kurekodi na Anania Ngoliga, mpiga ilimba na zeze asiyeona. Baadaye Ngoliga alikwenda kuzunguka naye Marekani, akiwa na mpiga gita wetu John Kitime. Na ndiyo maana Peter Gabriel, Mwingereza mwenye studio ya Real World, alitoa kazi za Hukwe Zawose na mwaka 2002 akamchukua yeye na Charles Zawose katika ziara yake ya Marekani Kaskazini.

Jambo moja nataka lieleweke tangu mwanzo, kwa kuwa linagusa majibu yote yaliyo hapa chini. Anayeipenda ilimba aipende pamoja na noti yake na mvumo wake. Ukiitwaa, ukaisahihisha ifanane na kinanda, ukausafisha mvumo ubaki mlio mtupu, umebaki na kitu ambacho hata kifaa cha kielektroniki kingekupa. Kilichokuvuta umekitupa.

Hiyo noti ambayo haimo kwenye kinanda ni ipi?

Hapa tukae kidogo.

Kila sauti ya waya au ya koo la binadamu hubeba ndani yake sauti nyingine ndogo ndogo zilizo juu yake. Tuseme sauti ya msingi ni ya mitetemo 100 kwa sekunde, yaani hezi 100. Juu yake zimo za hezi 200, 300, 400, 500, 600, 700, 800 na kuendelea, kila moja ikizidi kwa kiasi kilekile. Hazikubuniwa na mtu.

Sasa chukua ya 400 uiite do. Ya 500 inakuwa mi, ya 600 inakuwa so, na ya 800 ni do ya juu. Ukichukua ya 900 ukaishusha kwa oktava moja, yaani ukaigawa kwa mbili, unapata 450, nayo ni re. Imebaki ya 700. Hiyo inaangukia mahali fulani chini ya ti, karibu na ile ti iliyoshushwa ambayo wanakwaya wanaoimba kwa do-re-mi huiita ta. Karibu nayo, ila si yenyewe. Kwenye piano ta hiyo ingekuwa hezi 713 hivi. Kwa Mgogo ni 700.

Kwa hiyo skeli nzima ni noti tano: do, re, mi, so, ta, zote zikiwa zimechotwa kwenye sauti moja ya chini ambayo huenda hata haipigwi. Wataalamu hupima tofauti za namna hii kwa senti, ambapo nusu toni moja, yaani umbali kati ya vitufe viwili jirani vya piano, ni senti 100. Ta ya Wagogo iko senti 31 chini ya ta ya piano, na mi yao iko senti 14 chini. Re na so zinakaribiana sana na za piano. Zimepanda kwa senti 4 na 2.

Senti 31 ni karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio lolote linaisikia. Ndiyo inayoufanya muziki huu uonekane kana kwamba unaning'inia hewani: ta haidai kurudi do kama inavyodai ti kwenye nyimbo za kanisani. Imetulia pale ilipo, kwa kuwa ni sehemu ya sauti ya msingi tangu mwanzo.

Kama una gita, unaweza kuisikia sasa hivi. Gusa waya mnene kwa wepesi, bila kuukandamiza, kati ya freti ya 2 na ya 3, karibu zaidi na ya 3, kisha ukwanyue karibu na daraja. Tafuta polepole mpaka isikike sauti nyembamba na safi. Ukiipata, linganisha na noti ileile kwenye kinanda chochote. Tofauti utakayoisikia ndiyo wanayoifuata watu mpaka Chamwino, huko Dodoma.

Waimbaji wa Kigogo nao wanafuata skeli hiyohiyo?

Ndiyo, na uimbaji wao ndio unaoonyesha jinsi mpango mzima ulivyo na akili. Sauti ya pili mara nyingi hupatikana kwa kuruka noti moja kwenye skeli. Wa kwanza akiwa kwenye do ya juu, wa pili anairuka ta na kutua so. Wa kwanza akipanda re, wa pili anairuka do na kutua ta. Akipanda mi, wa pili yuko do. Sheria ni ileile, lakini umbali kati ya sauti mbili unabadilika kila hatua, na kila mara zinapatana kwa kuwa zote ni watoto wa sauti moja ya msingi. Walimu wa kwaya wanaotafuta namna ya kupanga sauti bila kukopa kila kitu kutoka kwenye vitabu vya nyimbo vya Ulaya wana mgodi hapa.

Mbona vyuma ni vingi na mchezaji anatumia vichache?

Swali zuri, na wengi hawalioni mpaka wakae karibu na mchezaji. Kwenye ilimba kubwa kuna vyuma ambavyo vidole havivigusi kabisa. Vimelinganishwa na noti zilezile zinazopigwa. Chuma kinachopigwa kikitetemeka, sanduku zima linatetemeka, na kile chuma kisichoguswa chenye noti hiyo kinaitika chenyewe. Kwa hiyo noti haikatiki kidole kinapoondoka; inaendelea kusikika kwa nyuma, na inayofuata inaingia juu yake.

Kuna sababu ya kifizikia inayoufanya ufundi huu uwe na maana. Chuma kilichobanwa upande mmoja hakitoi zile sauti ndogo za juu kwa mpangilio kama waya unavyotoa. Sauti yake ya pili iko zaidi ya mara sita juu ya ile ya kwanza, na haiingii kwenye mpangilio wowote wa skeli. Kikiachwa peke yake hutoa mlio mfupi, mtupu kiasi. Vyuma vinavyoitika vinaurudishia utajiri ambao waya unao kwa asili. Aliyelifikiria hili kwa mara ya kwanza alikuwa mwanamuziki mkubwa, ingawa jina lake halikuandikwa popote.

Ule mvumo kama wa nyuki unatoka wapi? Ala imeharibika?

Haijaharibika. Mvumo umewekwa makusudi, na fundi anajua kiasi anachokitaka.

Kwenye sanduku hutobolewa matundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba. Utando wa jadi ni ule mweupe, laini, ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Unabanduliwa taratibu, unatandazwa juu ya tundu, unabanwa kwa nta au kitu kingine cha kunata. Hewa iliyomo ndani ya sanduku ikisukumwa na mtetemo, utando unatetemeka na kutoa mvumo juu ya kila noti. Ukibonyeza kwa nguvu mvumo unakuwa mkali. Ukibonyeza kwa upole unanong'ona.

Siku hizi wengine hutumia karatasi nyembamba au plastiki laini. Inafanya kazi, lakini plastiki nene huvuma kwa baadhi ya noti tu na kuzisahau nyingine. Utando wa buibui unaitika kwa zote. Wenye ala za mbao za Msumbiji na balafoni za Afrika Magharibi nao hutumia tando kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo sikio linalopenda mvumo si la Ugogo peke yake. Ni sikio la sehemu kubwa ya bara hili.

Inatengenezwaje?

Sanduku ama huchongwa kutoka kwenye gogo moja, ama huungwa kwa mbao. Mbao lazima iwe kavu kweli. Ikiwa na maji, itapasuka ikishafika mahali pakavu, na ufa mdogo tu unatosha kuua sauti.

Vyuma hutengenezwa kwa kile kinachopatikana. Katika jamii hii ya ala, kote Afrika Mashariki na Kati, mafundi wametumia misumari mikubwa, spoki za baiskeli, vijiti vya mwavuli na springi kuukuu. Chuma hupigwa nyundo mpaka kiwe bapa kwenye ncha ili kidole kipate pa kubonyeza. Kisha hupangwa juu ya daraja na kubanwa kwa fito inayofungwa kwa nguvu.

Kazi inayomtambulisha fundi inaanza hapo, kwenye kulinganisha. Ukikisukuma chuma mbele, sehemu iliyo huru inarefuka na noti inashuka. Ukikirudisha nyuma, inapanda. Kanuni yake ni kali: chuma kikifupishwa kwa asilimia 3 tu, noti inapanda kwa nusu toni nzima. Fanya hesabu kwa chuma ambacho sehemu yake huru ni milimita 60. Nusu toni ni chini kidogo ya milimita 2. Na ile tofauti kati ya ta ya Wagogo na ta ya piano, ambayo tumeieleza kwa urefu pale juu, ni nusu milimita. Fundi anaipata kwa nyundo ndogo na sikio, akigonga kidogo, akisikiliza, akigonga tena. Anafanya hivyo kwa kila chuma, pamoja na vile ambavyo hakuna kidole kitakachovigusa.

Hukwe Zawose alikuwa nani?

Hukwe Ubi Zawose alikuwa mwimbaji, mpiga ilimba na zeze kutoka Ugogo, na ndiye aliyeifanya ala hii ijulikane nje. Mwalimu Nyerere alivutiwa na kipaji chake, akaitwa Dar es Salaam kufanya sanaa kwa ajili ya taifa, na baadaye alifundisha Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa. Alifariki Desemba 2003.

Hakuwa mtunzaji tu wa alichokikuta. Alizikuza ala zenyewe: ilimba zake zilikuwa kubwa na zenye vyuma vingi kuliko zile za kawaida za kijijini, na zeze lake liliongezwa nyaya. Na alikuwa na sauti iliyoshuka mpaka kifuani na kupanda mpaka kwenye mluzi bila kubadilisha nafsi ya wimbo. Ninawaambia vijana wanaosema jadi haibadiliki wamsikilize yeye. Alibadilisha mengi, lakini ile ta hakuigusa.

Ukoo umeendelea. Mwanawe Msafiri Zawose ametoa albamu zinazochanganya ilimba na vyombo vya umeme, na wengine wengi wa familia hiyo wanapiga na kufundisha Bagamoyo.

Wanawake wanapiga ilimba?

Kwa desturi ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume, na ngoma za muheme mikononi mwa wanawake. Muheme wenyewe ni jambo la kutazamwa: wanawake wamebana ngoma katikati ya mapaja, wanapiga na kucheza kwa wakati mmoja, na katika sehemu nyingi za nchi hii ngoma ni kazi ya wanaume.

Sasa ilimba nayo imevuka. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu, walikuwa kwa miaka mingi nyuma ya jukwaa kama waitikiaji na wachezaji. Mwaka 2024, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao iitwayo Maisha chini ya Real World, wakiimba mbele na kupiga ala wenyewe. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Tofauti yake na mbira, likembe na kalimba ni nini?

Ni ndugu wa ukoo mmoja, kila mmoja na tabia yake.

Mbira ya Washona wa Zimbabwe hutumika sana katika kuita mizimu, huwekwa ndani ya kibuyu kikubwa, na skeli yake ina noti saba. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa mbira wa Zimbabwe na Malawi kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Likembe ni ya Kongo. Ni ndogo na ilisafiri na wapagazi na vibarua mpaka Uganda. Ikembe ya Rwanda na Burundi ni jamaa yake wa karibu.

Kalimba unayoiona madukani na mtandaoni ni kitu kingine. Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alianza kuitengeneza kwa ajili ya kuuza Afrika Kusini miaka ya 1950, akaipa skeli ya Ulaya ili wageni waielewe kwa urahisi. Zile za vyuma 17 zinazouzwa sasa zimefuata wazo hilo. Ni ala nzuri ya kujifunzia vidole. Ladha ya ilimba hamna.

Nina kalimba ya vyuma 17. Naweza kuipa skeli ya Wagogo?

Unaweza, na ni zoezi ninalolipendekeza kwa kila mwanamuziki, kwa kuwa ukishalifanya kwa mikono yako hutahitaji tena maelezo ya kwenye karatasi. Tumia ile nyundo ndogo inayokuja na kalimba na programu ya simu inayoonyesha senti.

Acha do zote zilipo. Re zipandishe senti 4, mi zishushe senti 14, so zipandishe senti 2. Ti zishushe senti 131, zitue kwenye ta ya Wagogo. Fa hazina kazi kwenye skeli hii, kwa hiyo zishushe senti 114 zigeuke mi. La zipandishe senti 69 zigeuke ta. Sasa una noti zinazojirudia, na hizo ndizo zitakazoitika zenyewe unapopiga jirani zake. Gonga kidogo kidogo. Chuma kikisogea zaidi ya ulivyotaka, kirudishe kwa kukigonga upande wa pili, usikipinde.

Kisha bandika utando mwembamba juu ya tundu mojawapo la nyuma. Kata kidogo, uwe na ulegevu kiasi. Ukikaza sana hautavuma.

Haitakuwa ilimba kamili: sanduku ni dogo na vyuma ni vichache. Lakini masikio yako yatakuwa yameingia mlangoni.

Tunataka kupiga ilimba na gita, besi na kinanda. Tufanyeje?

Kwanza, anayefuata ni nani? Bendi nyingi humwomba mpiga ilimba alinganishe ala yake na kinanda. Naliona hilo kuwa kosa. Kinanda cha kisasa kinaweza kubadilishwa noti moja moja kwa kubonyeza vitufe. Ilimba inataka kazi ya nusu siku, na ikishafanyiwa hivyo si ilimba tena.

Tafuteni do ya ilimba kwa kipimo, kisha besi na gita zilinganishwe nayo, hata ikiangukia katikati ya noti mbili za piano. Zeze, fidla, tromboni na sauti za waimbaji hazina shida, kwa kuwa zinaweza kusogea popote. Besi isiyo na freti inapendeza sana. Gita lenye freti libaki kwenye do, re na so, ambazo zinapatana vizuri, na limwachie mpiga ilimba mi na ta. Kinanda kikikosa njia ya kubadilishwa, kishike sauti mbili tu, do na so, kwa muda mrefu. Mtashangaa jinsi hizo mbili zinavyotosha.

Msibadilishe kodi za gita na kinanda kila vipimo viwili. Muziki huu umesimama juu ya msingi mmoja, na nguvu yake inatoka kwenye mizunguko inayopishana, mkono wa kulia na wa kushoto, sauti na ngoma.

Tuirekodi vipi?

Kipaza sauti kimoja kizuri, umbali wa sentimita 30 hivi, kikielekezwa kati ya vyuma na tundu la mvumo. Ukikiweka kwenye tundu lenyewe utapata mvumo mtupu. Ukikiweka juu ya vyuma peke yake utapata mlio wa vidole na kucha. Chumba kisiwe na mwangwi mwingi.

Sasa maneno kwa maprodyuza. Programu za kuondoa kelele huuona mvumo kuwa uchafu na kuufuta. Zizimeni. Programu za kusahihisha sauti huivuta ta na kuipeleka kwenye piano, na zikitumika kwa mwimbaji anayeimba juu ya ilimba, mwimbaji na ala wanaachana. Zizimeni hizo pia. Msiibane sauti mno, kwa kuwa zile noti zinazoitika kwa nyuma zitapanda mpaka zizifunike zinazopigwa.

Na jukwaani, mbele ya ngoma na spika?

Kidude cha kubandika kwenye mbao, kinachochukua mtetemo wa sanduku, husaidia kupambana na ule mlio wa spika zinazojirudia. Kasoro yake ni kwamba mvumo wa utando uko hewani zaidi kuliko kwenye mbao, kwa hiyo unapungua. Changanya na kipaza sauti kidogo karibu na tundu.

Wakongo walipata suluhisho lao. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, lilijitengenezea vipaza sauti vya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, na ule mkwaruzo wa umeme uliotokea wakaukubali kama mvumo mpya. Albamu yao ya mwaka 2004 iliwafanya wanamuziki wa elektroniki wa Ulaya waanze upya kufikiri spika inapaswa kulia vipi.

Nitapata wapi ilimba halisi ya kununua?

Kwa fundi. Bagamoyo wapo, na Dodoma vijijini wapo. Zile ndogo zilizochorwa twiga na simba kwenye maduka ya watalii ni mapambo; nyingi hazijalinganishwa kabisa.

Ukimpata fundi, usianze na bei. Mwombe akupigie ilimba yake mwenyewe, useme unataka sauti ile. Piga kila chuma, kisha shika chuma kimoja kisitetemeke upige mwenzake, usikie kinachopotea. Tazama mbao kwenye pembe kama kuna ufa. Mpe muda, ala nzuri haimalizwi kwa safari ya wikiendi. Na mlipe kama unavyomlipa fundi wa gita, kwa sababu kazi ni ileile, na sehemu ya kulinganisha ni ngumu zaidi.

Nitajifunza wapi?

TaSUBa, Bagamoyo, ndiko kwenye mafunzo rasmi ya sanaa za jadi. Kwa anayetaka kuisikia ikiwa kwao, aende Tamasha la Muziki wa Cigogo huko Chamwino, Dodoma, lililoasisiwa na mwanazuoni wa muziki Kedmon Mapana, yeye mwenyewe Mgogo. Vikundi hutoka vijijini na kupiga mbele ya majirani zao, na hukumu ya majirani ni kali kuliko ya jukwaa lolote la ugenini.

Anayejifunza kwa video aanze na mkono mmoja, mzunguko mmoja, mpaka auimbie. Ukishindwa kuimba huku unapiga, bado hujaujua mzunguko huo.

Naitunzaje?

Adui ni wawili: kutu na mabadiliko ya hewa. Ukiwa pwani, chumvi ya baharini hula vyuma haraka. Vifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Ukiipeleka nchi za baridi, joto la ndani ya nyumba wakati wa kipupwe hukausha mbao kupita hata Dodoma wakati wa kiangazi, kwa hiyo isikae karibu na mtambo wa joto. Utando ukichanika badilisha tu, ulitegemewa kuchanika.

Vyuma vikisogea safarini, virudishe kwa sikio. Anza na do, kisha so, kisha zilizobaki, na ta iwe ya mwisho.

Naweza kuchukua kipande cha rekodi ya Wagogo nikiweke kwenye biti yangu?

Usichukue bila ruhusa. Rekodi ina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda pia kazi za sanaa za jadi, hata pale ambapo mtunzi hajulikani. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo ya kuanzia. Lakini kabla ya ofisi kuna njia bora zaidi: mtafute mpiga ilimba, mlipe, aje studio, na jina lake liandikwe mbele pamoja na lako. Biti itakuwa bora, kwa sababu atapiga akikusikiliza.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na Chibite ya Hukwe Zawose, ya mwaka 1996. Tumia spika au visikizio vizuri, kwa kuwa spika ya simu huula mvumo. Sikiliza mara ya kwanza bila kufanya lolote. Mara ya pili fuata ta peke yake, uone inapoingia na inapotoka. Kisha nenda kwenye Maisha ya akina Pendo na Leah, usikie skeli ileile ikibebwa na sauti za kike na ngoma nzito zaidi. Baada ya hapo tafuta rekodi za vikundi vya vijijini vya Chamwino, ambako waimbaji ni wengi, ilimba ni zaidi ya moja, na zote zinaitikiana.